Maji ya Mvua na Samaki wa Nam Lolwe

Msomaji wangu, ukipata safari ya kwenda Homa Bay, teremka ufuoni asubuhi kabla jua halijawa kali. Utawakuta akina mama wakifua nguo juu ya mawe, na ukitazama vizuri utaona ya kuwa kipande kidogo cha sabuni chawatosha kwa karai zima. Povu hutoka upesi, tena jingi. Sasa chukua sabuni iyo hiyo uende nayo Mombasa, ukaijaribu katika maji ya kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe. Utasugua mpaka mikono ichoke, na badala ya povu utapata utando wa kijivu unaogandamana na nguo. Sabuni ni ile ile na mikono ni ile ile. Kilichobadilika ni maji.

Watu wa elimu huyaita maji ya kwanza laini, na ya pili magumu. Ugumu huo si wa kushikika kwa mkono. Ni chokaa na madini mengine ya jamii yake yaliyoyeyuka ndani ya maji yasionekane kwa macho. Jambo hili laweza kuonekana dogo, la jikoni na la kufulia tu. Lakini ulaini wa maji ya Homa Bay una historia ndefu, na maisha ya mamia ya aina za samaki yalifungamana nao. Baadhi ya samaki hao leo hawapatikani tena ziwani, bali huishi katika matangi ya vioo huko Ulaya na Marekani, mikononi mwa watu ambao wengi wao hawajapata kuiona Homa Bay wala Migori. Watu hao kila juma huketi na vichupa vyao vya kupimia, wakijaribu kutengeneza ndani ya nyumba zao maji yaliyo mfano wa maji ya Nam Lolwe. Nam Lolwe ndilo jina ambalo Wajaluo huliita ziwa ambalo Wazungu waliliita Victoria.

Tuanze na swali: kwa nini maji ya ziwa hili ni laini? Wengi hudhani ya kuwa ziwa hujazwa na mito, kama vile Nzoia, Sondu, Kuja na Kagera. Mito kweli huleta maji, lakini sehemu iliyo kubwa, yapata nane katika kila kumi, huanguka moja kwa moja kutoka mawinguni. Ziwa lina upana wa kilomita za mraba 68,800 hivi, wala kina chake hakipiti sana mita 80. Ni kama sinia kubwa lililowekwa wazi chini ya mvua. Na maji ya mvua, kama ujuavyo, hayajapita katika mwamba wowote. Hayana chokaa ya kuzungumzia. Tena mto Nile hutoka ziwani humo kule Jinja, ukichukua pamoja na maji sehemu ya chumvi ambazo zingalirundikana.

Linganisha na ndugu zake wawili. Ziwa Tanganyika ni la kale sana, umri wake ni mamilioni ya miaka, na chumvi nyingi huletwa humo na mto Ruzizi kutoka Ziwa Kivu lililo karibu na milima ya moto. Ziwa Malawi nalo ni la kale. Njia rahisi ya kujua wingi wa chumvi ni kupitisha umeme majini, kwa maana maji yenye chumvi nyingi hupitisha umeme zaidi. Katika kipimo hicho Ziwa Victoria hupata kama 100, Malawi hupita 200, na Tanganyika hupita 600. Tafadhali zishike hesabu hizi tatu, maana tutazirudia.

Basi, tusiende mbali kabla hatujafika Simbi. Kilomita chache tu kutoka Kendu Bay, karibu na ufuo wa ziwa kubwa, liko ziwa dogo la mviringo, rangi yake ya kijani, nalo huitwa Simbi Nyaima. Wazee husimulia ya kwamba hapo palikuwa na kijiji. Siku moja jioni, watu wakiwa katika karamu ya pombe na ngoma, alifika bibi kizee mchovu akaomba mahali pa kulala. Wote wakamfukuza, ila mwanamke mmoja aliyemhurumia. Yule bibi akamwonya mwanamke huyo aondoke pamoja na jamaa zake. Na usiku ule ule maji yakakimeza kijiji chote. Wanajiolojia nao wana hadithi yao: kwamba shimo lile lilichimbwa na mlipuko wa volkeno. Hadithi hizi mbili hazipatani sana, ingawa katika zote mbili ardhi ilipasuka.

Lililo muhimu kwetu ni kwamba maji ya Simbi yamejaa magadi. Viumbe vidogo vya kijani hustawi humo kwa wingi ajabu, na heroe huja kuvila. Lakini samaki hakuna. Hapa yafaa nikuonye juu ya kosa ambalo hata watu wazima hulifanya. Mama akipika maharagwe yasiyoiva upesi, hutia magadi kidogo, nayo hulainika. Mfuaji naye akiona maji magumu hutia magadi, na sabuni hupata kutoa povu. Magadi basi huyafanya maji yawe laini kwa sabuni. Je, huyafanya yawe mema kwa samaki wa maji laini? La! Magadi huiondoa chokaa, lakini huyaongezea maji nguvu ya alkali. Ugumu ni jambo moja, alkali ni jambo jingine, na kuyachanganya mawili hayo kumewaua samaki wengi vifungoni.

Nguvu ya alkali au ya asidi hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, kilichotungwa mwaka wa 1909 na Sørensen, mkemia wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen. Katika kipimo hicho 7 ndiyo katikati. Chini yake ni upande wa asidi, na juu yake ni upande wa alkali. Lakini angalia, kila hatua moja ni mara kumi. Maji ya ziwa kubwa huwa karibu na 8, yakipanda na kushuka kidogo kwa saa za mchana na usiku. Maji ya Simbi ni 10. Tofauti ya hatua mbili ni mara mia moja, na yote hayo katika mwendo wa asubuhi moja kwa miguu.

Kwa nini samaki ashindwe hapo? Samaki wa kawaida hutoa taka ya mwili wake kwa njia ya matamvua, nayo ni amonia. Katika maji yenye alkali kali amonia haitoki. Hubaki mwilini ikawa sumu. Yupo samaki mmoja nchini Kenya aliyeishinda taabu hii, naye ni yule mdogo wa Ziwa Magadi, aishiye katika maji ya pH 10 yenye joto linaloweza kupita digrii 40. Mwaka wa 1989 wachunguzi walitangaza ya kuwa samaki huyo hatoi amonia bali hutoa urea, kama sisi wanadamu tufanyavyo katika mkojo. Kamongo wa ziwa letu naye hutumia hila kama hiyo wakati ajizikapo matopeni kiangazi. Mmarekani mmoja, Homer Smith, alikuja Afrika kumchunguza, na mwaka wa 1932 akatoa kitabu alichokipa jina hilo hilo la Kijaluo, Kamongo. Lakini fulu na ngege wa Homa Bay hawana hila hiyo. Wao ni watoto wa maji ya mvua.

Sasa tuingie katika historia ya upimaji wenyewe. Sabuni ilikuwa chombo cha kwanza. Mwaka wa 1841 mkemia wa Uskoti, Thomas Clark, aliweka utaratibu wa kupima ugumu wa maji kwa kuhesabu ni sabuni kiasi gani yahitajiwa kabla povu halijasimama. Kwa hiyo wale akina mama wa ufuoni, pasipo kujua, kila asubuhi hufanya jaribio la Clark.

Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901, na muda mfupi baadaye, mwaka wa 1905, nyavu za makila za Kizungu zikaanza kutegwa katika ghuba. Kwanza zilinasa ngege kwa wingi, kisha wakapungua mwaka hata mwaka. Serikali zikafadhaika, katika miaka ya 1927 na 1928 akaletwa Michael Graham kutoka Uingereza kulipima ziwa lote, akifuatana na kijana aitwaye Worthington. Graham alihesabu samaki, na Worthington akapima maji: joto lake, pH yake, na mambo mengine. Matokeo ya vipimo vile yalichapishwa mwaka wa 1930. Hivyo tunayo, kwa bahati njema, picha ya maji ya ziwa jinsi yalivyokuwa karibu miaka mia iliyopita.

Mwaka wa 1947 kikaanzishwa kituo cha utafiti wa samaki cha Afrika Mashariki huko Jinja. Mmoja wa watafiti wake wa miaka ya 1950 aliitwa G. R. Fish, yaani jina lake lilikuwa Samaki, na sidhani kama wavuvi waliomjua walikosa kucheka. Mwaka wa 1956 aliandika juu ya chumvi zilizopungua majini hata mimea midogo ikashindwa kukua sana. Neno hilo ulikumbuke: wakati ule ziwa lilikuwa na njaa ya mbolea, na kwa ajili hiyo maji yake yalikuwa maangavu. Kisha, mwaka wa 1965, J. F. Talling na mkewe Ida wakachapisha orodha kubwa ya maji ya maziwa ya Afrika, ziwa baada ya ziwa. Humo twaona ya kuwa lita moja ya maji ya Ziwa Victoria ina chokaa kidogo mno. Kalisi yake ni miligramu chache tu, tano hadi saba hivi.

Ndani ya maji hayo laini waliishi fulu. Mwanafunzi wa Mbita, Sindo, Karungu au Muhuru Bay hahitaji kuambiwa fulu ni nani, au walau babu yake hahitaji. Ni samaki wadogo wenye mifupa mingi, waliodharauliwa na wachuuzi na kupendwa na watoto waliowavua kwa ndoana. Kumbe katika wale waliodharauliwa mlikuwamo ajabu kubwa kuliko zote za ziwa. Katika miaka ya 1950 Humphry Greenwood, aliyekuwa Jinja, alianza kuwatenganisha aina kwa aina, na kazi hiyo ikaendelea kwa miaka mingi hata ikakadiriwa ya kuwa wako aina 500 hivi. Wengine walikwangua ukungu wa mawe. Wengine walivunja konokono kwa meno ya kooni. Wako waliokula samaki wenzao; na wako, nasikitika kukuambia, walioishi kwa kunyonya watoto kutoka kinywani mwa mama zao. Maana fulu jike huatamia mayai yake kinywani, akikaa wiki mbili au tatu pasipo chakula cha maana.

Na lililo la ajabu zaidi ni upya wao. Wachunguzi waliotoboa tope la sakafu ya ziwa walitangaza mwaka wa 1996 ya kuwa, yapata miaka 15,000 iliyopita, ziwa lilikauka. Palipo mawimbi leo palikuwa nyasi. Kisha mvua zikarudi, sinia likajaa, na kutoka kwa mababu wachache walionusurika kandokando wakazaliwa aina zile mamia. Mvua haikuwapa fulu maji tu, iliwapa nchi.

Hapa tuyaache maji ya ziwa kidogo, tuyatazame ya ndani ya nyumba. Desturi ya kufuga samaki katika tangi la vioo pamoja na mimea ilipata nguvu huko London. Mwaka wa 1850 mkemia Robert Warington alieleza jinsi samaki na majani wawezavyo kuishi pamoja kwa muda mrefu bila maji kuoza, na mwaka wa 1853 nyumba ya samaki ikafunguliwa katika bustani ya wanyama ya mji ule. Baadaye, ndege za abiria zilipokuwa nyingi, samaki wenye rangi wa Ziwa Malawi na Ziwa Tanganyika wakaanza kusafirishwa kwa maelfu. Wafugaji wakajifunza ya kuwa samaki hao wapenda maji magumu yenye alkali, nao wakawa wakiwatilia matumbawe, chokaa na chumvi.

Ndipo likazaliwa kosa la jumla. Fulu wa Ziwa Victoria walipofika huko, watu walisema: hawa nao ni wa maziwa makubwa ya Afrika, watiliwe chumvi kama wenzao. Je, wazikumbuka zile hesabu tatu, yaani 100, 200 na 600? Kumweka fulu wa Rusinga katika maji ya Tanganyika ni kumtia katika maji yenye chumvi mara sita kuliko za kwao. Haki itendeke: fulu ni wavumilivu, wala hawakufa kwa wingi kwa sababu hiyo peke yake. Lakini kuvumilia si kuwa nyumbani. Mwili wa samaki wa maji baridi una chumvi kuliko maji yaliyomzunguka, na kwa hiyo maji humwingia mchana na usiku kupitia matamvua, naye hana budi kuyatoa kwa mkojo na kuzishika chumvi zake zisipotee. Kazi hiyo huifanya kwa kipimo cha maji aliyozoea. Ukimhamisha ghafula, mashine yote ya mwili hushtuka.

Wengine wakakosa kwa upande wa pili. Walisikia ya kuwa maji ya Victoria ni laini, wakafikiri basi ni ya asidi kama yale ya Rio Negro kule Amazon, ambayo ni meusi kama chai ya rangi na pH yake hushuka karibu na 4. Sivyo. Maji ya ziwa letu ni laini, lakini yaegemea kidogo upande wa alkali. Mambo haya mawili kukaa pamoja huwashangaza wasiojua.

Sasa, kama wewe ungekuwa na tangi la vioo na maji magumu ya bomba, ungefanyaje? Pengine ungesema: nitatia asidi. Jaribu uone. Ukitia asidi kidogo katika maji magumu, pH hushuka. Kesho yake yamerudi palepale. Kaboneti zilizomo hupigana na asidi na kuishinda. Watia tena, zashinda tena. Siku ya tano au ya sita kaboneti zimekwisha, hakuna tena wa kupigana, na tone lile lile lililokuwa halina nguvu jana leo laiangusha pH hata samaki wote waelea juu. Mfugaji hulia akisema asidi ilikuwa kali mno. Kumbe alianzia mwisho. Yafaa kwanza kuziondoa chumvi, na pH yenyewe itafuata.

Njia ya kuziondoa ni rahisi, nayo ni ile ile ya ziwa: mvua. Tuseme maji yako ya bomba yana ugumu wa digrii 12, na maji ya mvua hayana hata digrii moja. Ukichanganya sehemu moja ya bomba na sehemu tatu za mvua, utapata digrii 3. Ukichanganya moja na tano, utapata 2. Ziwa Victoria lenyewe, katika maji ya wazi, halifiki 3. Mvua hiyo ikingwe baada ya paa kuoshwa na mvua ya kwanza, wala isitoke katika bati lenye kutu au rangi mbovu. Wenye fedha hutumia mashine inayosukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba mno, chumvi zikabaki nyuma. Lakini maji yaliyosafishwa hivyo, au maji ya mvua matupu, hayafai yakiwa peke yake. Hayana kaboneti hata kidogo, na pH yake huyumba kama mtumbwi usio na mzigo. Lazima kiasi kidogo kibaki.

Tena badiliko lifanywe polepole, ndoo moja moja, kwa siku nyingi. Na usisahau amonia. Katika tangi dogo taka haziendi popote, na kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia inavyozidi kuwa sumu; kwa hiyo yule aliyetia magadi mengi ili amfurahishe fulu aliongeza makali ya sumu iliyokwisha kuwamo. Mji nao una neno. Maji ya London hutoka katika nchi ya chokaa nayo ni magumu sana, kwa hiyo mfugaji wa huko hupunguza. Maji ya Boston, Marekani, hutoka mabwawani juu ya miamba migumu nayo ni laini mno. Mfugaji wa huko huongeza. Watu wawili wanafanya kazi zinazopingana, wakielekea ufuo mmoja wa Nam Lolwe.

Wangejisumbua hivyo kwa nini? Jibu liko nyumbani, nalo si la kufurahisha.

Graham aliulizwa, miaka ile ya 1920, kama ingefaa kumleta samaki mkubwa mla wenzake katika ziwa. Alionya katika taarifa yake ya mwaka 1929 ya kwamba jambo hilo lingekuwa la hatari. Hata hivyo mwaka wa 1954 mbuta alitiwa ziwani upande wa Uganda, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akatiwa tena, hata upande wa Kisumu. Kwa muda alionekana kama hayupo. Kisha katika miaka ya 1980 akajaa kila mahali. Fulu, waliokuwa sehemu kubwa mno ya samaki wote wa ziwa, wakatoweka katika nyavu kwa miaka michache. Yakadiriwa ya kuwa aina 200 hivi zilipotea au zilikaribia kupotea. Nisikudanganye lakini: mbuta alileta fedha. Viwanda vilijengwa, minofu ikapelekwa Ulaya, na watoto wengi wa South Nyanza, kama wilaya ile ilivyoitwa, walilipiwa karo na mbuta. Mwenye kuandika historia hii hana ruhusa ya kuliruka hilo.

Wala mbuta hakuwa peke yake. Maji yenyewe yalikuwa yanageuka. Misitu ilikatwa, mashamba yakalimwa mpaka ukingoni, maji machafu ya miji yakateremka, na lile ziwa lililokuwa na njaa ya mbolea likashiba kupita kiasi. Vipimo vya Talling vya mwaka 1960 na 1961 vilionyesha hewa ya oksijeni hata kwenye kina kwa muda mwingi wa mwaka. Ilipofika karibu mwaka wa 1990, maji ya chini yalikaa miezi mizima bila hewa hiyo. Mimea midogo ya kijani iliongezeka mara kadhaa. Katika Ghuba ya Nyanza samaki walikufa kwa makundi miaka ile ya 1980, na Peter Ochumba wa taasisi ya utafiti ya Kisumu aliyachunguza mambo hayo na kuyaandika. Mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo lilijengwa tuta la mawe kuunga Mbita na kisiwa cha Rusinga. Njia ya maji ikazibwa, na haikufunguliwa mpaka daraja lilipojengwa katika miaka ya 2010. Gugumaji nalo likaingia ziwani karibu na mwaka wa 1990 na kuifunika Homa Bay mara kwa mara hata boti zisipite.

Upande wa Migori, mto Kuja na mwenzake Migori huteremka na udongo mwekundu kila masika. Zamani ningu walipanda mito ya namna hiyo kwenda kutaga wakati wa mafuriko, na watu waliwangojea kwa mitego ya kusuka. Nyavu za makila zilipotegwa midomoni mwa mito, ningu wakapungua sana. Karibu na Macalder, ambako hapo zamani palikuwa na mgodi mkubwa wa shaba na dhahabu, watu wachimba dhahabu kwa mikono na kuikusanya kwa zebaki. Zebaki haipimwi kwa sabuni.

Lakini jambo lililonishangaza kuliko yote lilitangazwa mwaka wa 1997 na Ole Seehausen na wenzake, waliofanya kazi upande wa Mwanza. Fulu jike humchagua mume kwa rangi. Aina mbili zaweza kuwa karibu sawa kwa umbo, ila madume ya hii ni mekundu na ya ile ni ya buluu, na jike hakosei kamwe maadamu aona. Maji yakiwa matope na kijani, mwanga hupungua, rangi zafanana, na jike achukua yeyote. Hakuna aliyeliwa wala aliyekufa kwa kukosa hewa, lakini baada ya vizazi kadhaa aina mbili zimekuwa moja. Samaki walipotea kwa sababu hawakuonana.

Ndiyo maana ya matangi yale. Wadachi wa Chuo Kikuu cha Leiden walikuwa Mwanza tangu 1977, nao waliwachukua fulu hai kabla ya mwisho. Na mwanzoni mwa miaka ya 1990 nyumba za samaki za Marekani Kaskazini ziliungana katika mpango wa kuwazalisha. Vizazi vingi vimepita tangu wakati huo, na fulu hao huzaliwa, huatamiwa kinywani na kutemwa ndani ya vioo. Hawajapata kuona wimbi. Ngege wa asili naye hakuhitaji kwenda mbali hivyo: alinusurika katika maziwa madogo ya pembeni, kama Kanyaboli huko Siaya, ambako mafunjo yalimzuia mbuta asifike. Hata katika ziwa kubwa, tangu miaka ya 1990, baadhi ya fulu wameonekana tena baada ya mbuta kuvuliwa sana. Si wote, na wengine wamerudi na maumbo yaliyobadilika kidogo.

Ukiwa Rusinga au Mfangano, kwenye miamba ambayo maji yake bado ni maangavu, inama utazame kivuli cha mawe saa ya mchana. Ukimwona dume dogo la buluu likifukuza jingine, kumbuka kwamba huko London, saa iyo hiyo, huenda mtu anachota ndoo ya mvua kutoka pipa la nyuma ya nyumba, anatia kidole kupima joto, na kuimimina polepole, kikombe kwa kikombe, juu ya ndugu zake.